Nyama Isiyo Nyama Imenifukuzia Mpwa

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi marahaba itangulie, naomba unisaidie upesi kabla sijapasuka, ingawa kusema kweli mimi si mtu wa kuomba msaada, mimi ndiye watu humjia, simamisha mtu yeyote mtaani kwetu atakuambia nenda kwa Mjomba wa Bucha, lakini hili limenishinda, na mke wangu amesema amechoka kunisikiliza, eti nikalimwagie gazeti maana gazeti halina masikio ya kuuma.

Kwanza umjue unayesema naye. Mimi nina bucha, na sisemi hizi bucha za siku hizi zenye vigae vyeupe na kijana amevaa glavu kama daktari huku hajui tofauti ya sarara na paja, mimi nasema bucha. Shule niliiacha darasa la sita, si kwa kufukuzwa, ni kwamba mwalimu alikuwa ameishiwa cha kunifundisha, na tangu hapo nimeshika kisu. Nimewahi kumchuna fahali nikiwa nimefungwa kitambaa machoni, kwa ubishi tu wa wachinjaji wenzangu, ngozi ikatoka nzima kama koti, ungeweza kumvalisha fahali mwingine na akapendeza. Kuna jirani aliugua akawa hainuki kitandani, watu wameanza kunong'onezana habari za jeneza, mimi sina habari nachemsha supu yangu ya mifupa nyuma ya duka, upepo ukaibeba harufu hadi dirishani kwake, mtu akaamka, akaoga, akaja na bakuli. Yuko hai, na bakuli ni lilelile.

Sasa ndani ya nyumba ya mtu kama huyo, mshauri, kuna mtoto hali nyama.

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu akiwa na mapengo ya mbele, nikampa chumba cha nyuma ya bucha, ukuta mmoja tu kati ya kitanda chake na kulabu, pahali pazuri pa ubaridi, wenzake wanalala na joto yeye analala kama waziri. Shuleni walimwita Kilo Nusu kwa sababu sare yake ilikuwa inanukia dukani kwetu, mimi jina nikalipenda, nikalichukua nikaendelea nalo mpaka leo, ni jina la heshima, nusu kilo si kitu kidogo. Siku hizi ni mtu mzima ana kazi yake, anasugua vioo katika duka la miwani, na ukiiona ile mikono yake ilivyotulia, mshauri, unaweza kulia, yule angekuwa mchinjaji wa kutisha.

Siku aliyotangaza kuacha nyama alitangaza vibaya. Nimeingia nyumbani nimechoka, akaniambia, "Mjomba, kuanzia leo mimi nakula mboga tu."

Nikamwambia, "Hamna shida mwanangu, mboga leo ni maini."

"Mjomba, nasema mboga."

"Na mimi nasema mboga. Mke wangu, leo mboga gani?"

Mke wangu akajibu kutoka jikoni, "Maini!"

"Umesikia mwenyewe?"

Akaniangalia vile wanavyoangalia wao watu wa miwani, kama anapima lensi yangu ina namba ngapi, akasema, "Mjomba, sitakula kitu kilichokuwa na macho." Nikamuuliza viazi vina macho au havina, maana mimi nimevimenya, nimeyaona macho yake. Hakucheka. Tangu siku hiyo anakula kunde zake, uyoga wake, majani yake, na mimi nikavumilia, nikavumilia hata wateja kuniuliza mbele ya foleni, "Mjomba, ni kweli mpwa wako amekuwa mbuzi?"

Kisha jokofu langu kubwa likaharibika, akaja fundi kulitengeneza, kijana mpole, mrefu kama ngazi, pale dukani tukambandika jina la Fundi Baridi. Siku ya kwanza alitengeneza jokofu. Siku ya pili jokofu zima kabisa, lakini alikuja kuliangalia. Siku nyingine akaja kuliangalia amevaa shati la kupigwa pasi. Nikajua hapa anaangaliwa mtu. Nikafurahi, nikamkatia kipande cha ubavu cha heshima, akashika kifua akasema, "Mjomba, samahani sana, mimi sili nyama."

Nilikaa juu ya kreti, mshauri. Katika nchi nzima watu hawa wako wangapi, na wawili wamekutana mlangoni kwa mwenye bucha!

Lakini subiri, maana hapa ndipo akili yangu ilipoanza kuuma. Huyu hali nyama, ila mkobani kwake amebeba soseji. Soseji za soya. Ana baga za maharage, ana vipande vya sijui uyoga vimebanwa vikawa kama kuku, anavikaanga, anavitia pilipili, anafumba macho akitafuna. Nikamuuliza, wewe nyama unaipenda au huipendi?

"Mjomba, nyama naipenda. Naiota usiku. Tatizo langu ni ng'ombe."

"Ng'ombe amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Ndiyo tatizo lenyewe."

Nikamwambia sasa unatakaje, ng'ombe akukopeshe mguu halafu umrudishie? Akacheka, ni kijana wa kucheka, nikampenda. Basi unaweza kufikiri huyu na mpwa wangu ni sahani na kifuniko chake. Wapi! Mpwa wangu zile soseji hataki hata zikae karibu na bakuli lake. Siku moja nimewakuta kwenye veranda wanabishana, kijana anamwambia onja tu kidogo, na yeye anasema, "Mimi sikuacha nyama ili niende kuitafuta kwa mlango wa nyuma. Hebu geuza hiyo pakiti usome, maelezo yake marefu kuliko hotuba ya mgeni rasmi, na nusu yake chumvi. Ningetaka kitu kinachofanana na nyama ningekula ya Mjomba, si hiyo mipira." Kijana anamjibu, "Wewe umezoea. Mimi bila hivi vitu ningekuwa nimesharudi kwenye mishikaki." Mimi nimesimama pale na bakuli la chai nasema Mungu wangu, hawa watu wa majani kumbe wana madhehebu!

Basi wakakubaliana kuoana, na wazazi wa kijana wakasema watakuja kwetu chakula cha mchana watufahamu. Kwangu. Mimi ndiye wa kumsimamia binti, hana baba wa kumtaja, mimi ndiye baba na ndiye mjomba. Nikajiuliza, siku hiyo mezani pataliwa nini? Niwawekee wageni kunde, mimi, mwenye bucha? Na nikiweka nyama, bibi harusi na bwana harusi watatazama ukuta? Ndipo wazo likanijia, na mshauri, mawazo mazuri huwa yananijia mimi kabla ya watu wengine. Nikasema hizo soseji za pakiti zimetengenezwa na watu wasiojua nyama. Ngoja atengeneze anayeijua.

Nilifunga duka mapema. Nikachukua soya kavu zile kama sponji, nikaziloweka, nikazikamua, nikazipitisha kwenye mashine yangu ya kusagia. Nikakanda unga wa ngano, nikauosha na maji, ukaosheka na kuosheka mpaka wanga wote ukaenda ukabaki mpira mtupu, nikauvuta nyuzi nyuzi, nikausuka kama msuli wa mguu wa mbele, na huo msuli hauchoreki na mtu ambaye hajaukata maisha yake yote. Nikatia kiazi chekundu kwa ajili ya rangi. Nikachonga vijiti nikavipachika kama mbavu. Halafu mafuta, maana nyama bila mafuta ni kamba, na hapo ndipo wale wa pakiti wanaposhindwa, wanatia mafuta ya alizeti yanakimbia yote kwenye kikaango, mimi nikachukua mafuta ya figo, yale meupe yanayovunjika kama chaki, nikayayeyusha taratibu, nikayapitisha katikati ya nyuzi yakaganda mistari mistari, yaani hata mkaguzi wa nyama angepiga muhuri. Nikaukata ule ubavu juu ya gogo langu kwa panga langu, nikarudi nyuma, nikautazama, nikasema huu hata ng'ombe mwenyewe angeusalimia.

Jumapili tukakaa, mimi, mke wangu, mpwa wangu na Fundi Baridi, tuonje kabla ya siku ya wageni. Nikamweleza kila mtu ni soya na ngano. Kijana akauma, akaacha kutafuna, akanitazama macho yamelowa. "Mjomba! Hii! Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta dunia nzima!" Akala, akaongeza, akaongeza tena, akalamba kijiti.

Mpwa wangu akakata kipande kidogo, kwa ajili yangu tu, nilimwona ni kwa ajili yangu, akakitia mdomoni. Akakitema kwenye kiganja.

"Mjomba, hii ni nyama."

"Ni soya na ngano mwanangu, niliisuka mwenyewe."

"Nimelala ukuta mmoja nayo tangu utotoni, mimi siijui?"

"Kilo Nusu, nakuapia kwa kaburi la mama yako, humu haikuingia hata punje ya nyama."

Na nilisema kweli, mshauri! Haikuingia! Kijana naye akanisaidia, akamwambia, "Jamani, mbona unamwaibisha mzee? Soya hii, mimi naijua." Mpwa wangu akamtazama, akasema, "Na wewe pia?" Akainuka, akanawa mdomo, akafunga begi, akaenda kwa mama yake mdogo, na simu yangu hapokei.

Sasa sikia matusi. Ameleta ujumbe kupitia kwa huyo mama mdogo kwamba wageni watapokelewa huko, kama wataendelea kuja, na wa kumsimamia atakuwa mume wa mama mdogo. Unamjua? Humjui. Anauza mapazia. Mtu ambaye akipiga chafya anaomba radhi kwa pazia. Huyo ndiye akae kwenye kiti changu! Na Fundi Baridi na mpwa wangu hawasemeshani, kijana amemwambia mpaka aniombe msamaha, na yeye amesema basi aoe soseji. Kila jioni kijana anakuja dukani, anakaa kwenye kreti anakula mabaki ya ubavu ule, anaguna, anasema, "Mjomba, sijui nataka kuoa mtu wa namna gani." Na mimi nimechoka, nimechoka mpaka kisu kinanielemea. Mtu umeosha unga kwa mikono yako, umechonga mifupa ya uongo kwa ajili ya mtoto, halafu unaitwa mwongo mezani kwako.

Nieleze, hawa watu nyama wanaitaka au hawaitaki? Na nifanye nini ili aniombe radhi mbele ya wote walioniona nikitemewa, kabla siku ya wageni haijafika? Nimefikiri nimpelekee mfuko wa soya uliobaki uwe ushahidi, au unaonaje?

Ni mimi mkweli niliyedhulumiwa,
Mjomba wa Bucha


Mjomba wa Bucha,

Shikamoo yako nimeipokea. Nimekuzidi, na leo utajua kwa kiasi gani.

Nilikuwa naisoma barua yako nikicheka. Nilicheka kwa fahali, nikacheka kwa bakuli, nikacheka hata kwa viazi vyenye macho. Kisha nikafika kwenye mafuta ya figo, nikaweka kikombe chini. Figo la nani, Mjomba? La soya? Soya ina figo?

Usinijibu, najua utakachosema. Utasema mafuta si nyama. Dukani kwako, sawa. Kwenye mizani yako nyama ni nyama, mafuta ni mafuta, mifupa ni mifupa na utumbo ni utumbo, na mteja aliyetaka nyama akawekewa mafuta atakupigia kelele kwamba hii si nyama, na atakuwa na haki. Umefanya kazi hiyo muda mrefu hata lugha ya bucha imekuwa lugha ya kichwa chako. Lakini mpwa wako hakuja kupimiwa kilo. Kwake yeye vyote vinavyoning'inia kwenye kulabu zako ni kitu kimoja, mnyama aliyekufa, na ulimlisha mnyama huyo baada ya kumwambia ni soya na ngano. Mashine uliyosagia ni ya nyama, gogo ni la nyama, panga ni la nyama, na hata kama tungevisamehe hivyo vyote, mafuta yamebaki pale katikati ya nyuzi, mistari mistari, kwa sifa zako mwenyewe.

Kwa hiyo binti hakukudharau. Alisema kweli. Katika meza nzima yeye peke yake ndiye aliyesema kweli, na malipo yake mkamgeuka, mchumba wake akamwita mwenye kuaibisha wazee, na wewe ukamwapia kwa kaburi la mama yake. Isome tena hiyo sentensi, Mjomba, taratibu, ukiwa peke yako.

Naamini hukukusudia. Mwenye hila haandiki gazetini jinsi alivyoyeyusha ushahidi na kuusifia weupe. Ila kutokukusudia hakumtoi mtu ladha mdomoni.

Umeniuliza kwa ukali kama watu hawa wanaitaka nyama au hawaitaki. Nami nakujibu kwa ukali uleule, kwa sababu wote wawili walikueleza wenyewe, kwa maneno yao, na ukayaandika vizuri kabisa katika barua yako bila kuyasikia. Ulikuwa unangoja wamalize ili useme wewe.

Fundi alikuambia anaipenda nyama, asichokipenda ni kuuawa kwa ng'ombe. Huyo ulimi wake umebaki ulipokuwa, dhamiri ndiyo iliyohama. Soseji za soya kwake ni daraja. Anakula ladha aliyoizoea, na anaweza kulala. Alikuambia hata kwamba bila hizo angekuwa amesharudi kwenye mishikaki. Wapo wengi kama yeye. Wapo na wanaozila kwa sababu wamerudi kazini wamechoka na zinakaangika upesi, na wapo wanaozibeba kwenda kwenye sherehe za watu ili sahani yao ifanane na za wengine wasiulizwe maswali na wajomba.

Mpwa wako si huyo. Yeye hana pengo kwenye sahani linalotaka kuzibwa. Hakuiacha nyama huku akiitamani. Alikuwa ameshiba harufu yake tangu ana mapengo mdomoni. Umesema mwenyewe alilala ukuta mmoja na kulabu. Umesema mwenyewe sare ilinukia na watoto wakampa jina. Ulidhani lile ni jina la heshima? Mjomba, watoto wale walikuwa wanaziba pua. Na wewe ukalichukua ukalileta nyumbani ukawa unamwitia chakula nalo, na siku uliyomwapia ukamwita kwalo.

Kwa mtu wa namna hiyo, bandia kadiri inavyofanana na ya kweli ndivyo inavyozidi kuchukiza. Ungepika vibaya, angekula. Kama ile soya ingetoka kama kitambaa cha kufutia meza angemeza kwa heshima yako na kukuambia asante. Umeponzwa na ufundi. Ungetaka kumfurahisha, kunde zake zilikuwa pale pale, na yeye alikuwa pale pale, na kuuliza "nikupikie nini?" hakuhitaji kuosha unga mpaka uwe mpira.

Na kuna jambo jingine limekupita, wewe mpenda sifa. Alisema angetaka kitu kinachofanana na nyama angekula ya Mjomba. Binti asiyekula nyama amekusifia nyama yako mbele ya mchumba wake, kwenye veranda yako, na wewe ukasikia madhehebu tu. Hakuna madhehebu hapa. Kuna watu, kila mmoja na sababu yake, na sababu ya mtu hujulikana kwa kumuuliza na kisha kufunga mdomo.

Sasa ushike nitakalokuambia, na usilipunguze.

Leo hii, kabla jioni haijafika na kijana hajakaa tena kwenye kreti lako, toa ule ubavu uutupe. Akija mwambie ulitia mafuta ya ng'ombe. Ndiyo, yule kijana mpole ambaye tatizo lake ni ng'ombe, umekuwa ukimlisha ng'ombe kila jioni huku akikulilia begani. Atakasirika. Anayo haki, mwache akasirike, usimwambie kwamba mbona alilamba kijiti. Kisha mwambie mchumba wake hakukuaibisha, alisema kweli, na kama ana akili atajua mwenyewe anakwenda kumwomba radhi nani. Usimfundishe maneno. Usiende naye.

Wewe nenda kivyako. Usibebe zawadi, na usithubutu kubeba huo mfuko wa soya, ushahidi unaoutafuta unakuhukumu wewe. Ukifika usianze na dada mdogo wa marehemu wala na mwuza mapazia, anza na binti. Mwite kwa jina alilopewa na mama yake. Mwambie ulitia mafuta ya ng'ombe. Mwambie alisema kweli. Mwambie kile kiapo hukupaswa kukila, na kwamba humwombi akuelewe. Neno "lakini" liache nyumbani, na "ila" liache, na yule fahali na koti lake waache kabisa. Ukianza kueleza kwamba kibucha mafuta si nyama, basi ujue umerudi mezani siku ile ile na umemtemesha mara ya pili.

Kuhusu kiti. Unataka nikuambie jinsi ya kukirudisha, na sitakuambia, kwa sababu si changu na si chako. Cha binti. Mwuza mapazia unayemcheka ana sifa moja wewe huna, akikosea anaomba radhi, hata kwa pazia. Ikiwa binti atamtaka akae yeye, siku ya wageni utakwenda umevaa vizuri, utakaa kiti cha nyuma, utabeba sahani kama zinahitaji kubebwa, na wakikuuliza wewe ni nani utasema mjomba wake, basi. Ikiwa atataka wewe ukae, utamuuliza nini kipikwe, utanunua sufuria mpya na ubao mpya ambao haujawahi kukaribia duka lako, na utapika hicho alichosema, hata kama ni kunde na wali mtupu mbele ya wakwe wa mwenye bucha. Hawatakufa. Wakitaka nyama wanajua duka lako lilipo.

Na ukishamwambia yale uliyokwenda kumwambia, nyamaza. Najua hiyo ndiyo sehemu itakayokutoa jasho kuliko kuchuna fahali kwa kitambaa machoni. Huenda atakutazama muda mrefu bila kusema neno. Usikohoe, usichekeshe, usiulize kama amesikia. Amesikia. Kimya hicho si chako cha kukijaza. Kaa nacho mpaka yeye aseme, na akisema ondoka, ondoka, na akisema kaa, kaa.

Mshauri wako wa Jumamosi